Ufahamu na Ufupisho: Sikio Lina Muda Wake

Kabla ya kusoma

Mtahiniwa, habari ya ufahamu inaweza kutoka katika nyanja yoyote: siasa, kilimo, mila au sayansi. Wengi huingiwa na hofu wakikutana na habari ya kitaalamu, wakidhani wanapimwa somo la Biolojia. Hapana. Unapimwa uwezo wa kusoma Kiswahili, kukielewa na kujieleza kwa maneno yako. Tena habari ya kitaalamu ina wepesi wake: kila jambo lina sababu na matokeo, na ukiishika sababu, jibu hufuata.

Fuata hatua hizi:

1. Pitia maswali mara moja ili ujue unatafuta nini.
2. Soma habari yote bila kusimama, upate wazo kuu.
3. Soma tena polepole, ukiweka mstari chini ya wazo kuu la kila aya.
4. Jibu kwa sentensi kamili na kwa maneno yako mwenyewe.

Habari ifuatayo ni ndefu kuliko ile ya mtihani. Tumefanya hivyo makusudi: ukizoea mzigo mzito, mwepesi hautakusumbua. Aya zimepewa namba ili iwe rahisi kuzirejea.

Soma kwa makini habari ifuatayo kisha jibu maswali yanayofuata.

(1) Kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, ukishaupita msitu wa Ngezi unafika Makangale. Huko kuna ufuko uitwao Vumawimbi. Jina hilo ni la sauti, kwa kuwa bahari huanza kusikika kabla haijaonekana. Chukulia kuwa mtoto amezaliwa hapo. Ananyonya vizuri, anacheka, anatoa vile visauti vya kitoto vinavyomfurahisha kila mtu. Anafikisha miezi sita. Bibi yake anamwita kwa nyuma, hageuki. Anafikisha mwaka, anaitwa jina lake, hashtuki. Mlango ukibamizwa anageuka, kwa sababu ameuhisi mtikisiko, na nyumba nzima inapata matumaini. “Mwacheni,” wanasema wakubwa, “hata baba yake alichelewa kusema.” Faraja hiyo inatokana na upendo, lakini ina gharama kubwa.

(2) Ili kuielewa gharama hiyo, tuangalie sikio linavyofanya kazi. Sauti ni mtetemo. Mtetemo huingia sikioni, hupiga kiwambo, kisha hupokewa na mifupa midogo mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Mifupa hiyo huupeleka kwenye koklea, mfereji mwembamba uliojaa majimaji na kujipinda kama kombe la konokono, mizunguko miwili na nusu hivi. Ungenyooshwa, mfereji huo ungekuwa na urefu wa takribani milimita 35 tu. Ndani yake kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000, ambazo huugeuza mtetemo kuwa ishara za umeme. Ishara hizo husafiri kwa neva ya kusikia hadi kwenye ubongo. Seli hizo zikifa, mwili wa binadamu hauzioteshi upya.

(3) Mambo yanayoziharibu ni mengi. Watoto wengine hurithi tatizo hilo kutoka kwa wazazi ambao wao wenyewe wanasikia. Wengine huathirika tumboni mama anapougua rubela. Wengine hupata manjano makali baada ya kuzaliwa, au homa ya uti wa mgongo, au hudhurika kwa baadhi ya dawa za sindano, kama jentamaisini na streptomaisini. Katika ripoti yake ya mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa zaidi ya watu milioni 430 duniani wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni ungeweza kuzuiwa. Chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2014, ni mojawapo ya kinga hizo.

(4) Ambaye seli zake zimedhoofika tu husaidiwa na shimesikio, kifaa kinachoikuza sauti. Lakini seli zikiwa zimekufa karibu zote, kuikuza sauti ni sawa na kumimina mafuta katika taa isiyo na utambi. Hapo ndipo kinapohitajika kipandikizi cha koklea. Kipandikizi kina sehemu mbili. Ya nje hukaa nyuma ya sikio. Ina maikrofoni, betri na kompyuta ndogo inayoigeuza sauti kuwa taarifa. Ya ndani huwekwa kwa upasuaji chini ya ngozi ya kichwa, ikiwa na uzi laini wenye elektrodi, kwa kawaida kati ya 12 na 22, unaoingizwa ndani ya koklea. Elektrodi hizo huziruka seli zilizokufa na kuiamsha neva moja kwa moja kwa umeme. Kwa hiyo asiye na neva ya kusikia hawezi kusaidiwa na kifaa hiki.

(5) Wazo hilo halikuzaliwa siku moja. Mwaka 1957 mjini Paris, André Djourno na Charles Eyriès waliiamsha neva ya kusikia ya mgonjwa kwa umeme. Mwaka 1961, William House wa Marekani alianza kuwawekea wagonjwa vifaa vya mwanzo. Nchini Australia, daktari Graeme Clark, ambaye baba yake alikuwa mfamasia mwenye usikivu hafifu, alikwama kwenye swali moja: uzi utaingiaje katika mfereji uliojipinda bila kuuharibu? Mwaka 1977, akiwa likizo katika ufuko wa Minnamurra, aliokota kombe la konokono na kujaribu kuchomeka majani ndani yake. Jani lililokuwa laini nchani na gumu shinani liliingia vizuri. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti 1978, alimfanyia upasuaji mgonjwa wake wa kwanza mjini Melbourne. Jaribio la ufukweni halikuhitaji fedha. Mtoto yeyote wa Vumawimbi anaweza kulirudia leo jioni.

(6) Kwa miaka mingi, Mtanzania aliyehitaji kifaa hicho alipelekwa nje ya nchi, hasa India. Juni 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kufanya upasuaji huo hapa nchini, na gharama kwa mtoto mmoja ikashuka kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo bado ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Tena kutoka Makangale, Dar es Salaam iko ng’ambo ya bahari. Upasuaji nao ni mwanzo tu. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, jeraha likishapona, na mtoto huenda akalia kwa mshtuko, kwa kuwa hajawahi kusikia kitu. Atarudi hospitali mara kwa mara ili kifaa kirekebishwe. Betri zitahitajika siku zote. Sehemu ya nje italindwa dhidi ya maji ya chumvi na mchanga. Zaidi ya yote, kwa miezi na miaka atafundishwa kusikia: huu ni mlio wa jogoo, hii ni adhana, hili ni jina lako. Mwalimu mkuu wa somo hilo ni yule anayeshinda naye nyumbani.

(7) Kwa nini basi kuna haraka? Ubongo wa mtoto hujifunza lugha kwa kasi kubwa katika miaka ya mwanzo. Sauti zisipoufikia, sehemu iliyokusudiwa kusikia huanza kufanya kazi nyingine, kama kusaidia kuona. Ndiyo maana watoto wawili waliozaliwa viziwi wanaweza kuwekewa kifaa cha aina moja na daktari yuleyule, lakini aliyewekewa akiwa na mwaka mmoja na nusu akaja kuzungumza vizuri, na aliyewekewa akiwa na miaka kumi akasikia sauti bila kuyatambua maneno. Aliyepoteza usikivu baada ya kujua kusema yuko tofauti. Anaweza kufaidika hata ukubwani, kwa sababu ubongo wake tayari una lugha. Nchini Marekani, mwaka 1990 kifaa kiliidhinishwa kwa watoto wa kuanzia miaka 2. Mwaka 2020 umri huo ulishushwa hadi miezi 9.

(8) Si kila mtoto kiziwi atapata kipandikizi, wala si kila kiziwi anakitaka. Wapo wengi wanaosema kwamba wao si wagonjwa: wana lugha yao, Lugha ya Alama ya Tanzania, na wana chama chao, CHAVITA. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963, miaka mingi kabla ya upasuaji huu kufika nchini, na watoto wasiosikia wamesoma huko. Jambo la hatari kwa mtoto ni kukaa miaka bila lugha yoyote, akisubiri. Anayengoja upasuaji anaweza kuanza leo kufundishwa ishara, na ishara hizo hazitamzuia kusema kesho. Ubongo hauulizi kama lugha imepita sikioni au machoni. Unaangalia imefika lini. Kwa hiyo safari ya mtoto wa Makangale haianzii Muhimbili. Inaanza siku ile bibi anapomwita mara tatu bila kuitikiwa, akaacha kusema “mwacheni”, akasema, “Kesho tumpeleke akapimwe.”

Msamiati

- *Kiwambo:* ngozi nyembamba iliyotandazwa. Hapa, ile ya ndani ya sikio inayopigwa na sauti.
- *Fuawe:* chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake. Hapa, mfupa wa sikio wenye umbo hilo.
- *Kikuku:* chuma cha kukanyagia cha mpanda farasi. Hapa, mfupa wa tatu wa sikio.
- *Utambi:* kamba ya pamba inayonyonya mafuta ya taa na kuwaka.
- *Usikivu:* uwezo wa kusikia.

Maswali

1. Kwa mujibu wa aya ya 4, kipandikizi cha koklea hakiwezi kumsaidia mtu ambaye: (alama 1)
A. seli zake zenye vinyweleo zimekufa
B. hana neva ya kusikia
C. alizaliwa kiziwi
D. aliwahi kutumia shimesikio

2. Kwa nini mwandishi anasema faraja ya wakubwa “ina gharama kubwa”? (alama 2)

3. Eleza tofauti mbili kati ya shimesikio na kipandikizi cha koklea. (alama 2)

4. Kombe la konokono na jani vilimsaidiaje Graeme Clark kutatua tatizo lake? (alama 2)

5. Taja mambo manne yanayoingoja familia baada ya mtoto kufanyiwa upasuaji. (alama 4)

6. “…ni sawa na kumimina mafuta katika taa isiyo na utambi.” (a) Taja tamathali ya semi iliyotumika. (b) Eleza maana yake katika habari. (alama 2)

7. Andika methali moja inayolingana na ujumbe wa aya ya 7, kisha eleza ulinganifu huo. (alama 2)

8. Je, kwa mwandishi, kujifunza Lugha ya Alama ni kukata tamaa? Thibitisha. (alama 2)

9. Eleza njia iliyotumika kuunda maneno haya: (a) Vumawimbi (b) kipandikizi. (alama 2)

10. Fupisha aya ya 7 kwa maneno yasiyozidi 45. (alama 6)

Majibu na maelezo

*Swali la 1.* Jibu ni B. Wanaochagua A wamesoma kwa haraka: kufa kwa seli ndiyo sababu ya kifaa kuwekwa. Angalia neno “hakiwezi” katika swali. Neno la kukanusha limewapotezea wengi alama.

*Swali la 2.* Faraja hiyo huwafanya wazazi wachelewe kumpeleka mtoto kupimwa, na kila mwezi unaopita hupunguza uwezo wa ubongo wake kujifunza lugha. Jibu limetoka aya ya 1 na ya 7 kwa pamoja. Wanaosoma aya moja tu hujibu “gharama ni fedha”, na hilo ni kosa.

*Swali la 3.* Kwanza, shimesikio huikuza sauti, ilhali kipandikizi huigeuza sauti kuwa umeme na kuiamsha neva moja kwa moja. Pili, shimesikio humfaa ambaye seli zake zimedhoofika, ilhali kipandikizi humfaa ambaye seli zake zimekufa karibu zote. Ukiulizwa tofauti, taja pande zote mbili katika kila hoja. Kueleza upande mmoja ni nusu ya jibu.

*Swali la 4.* Koklea imejipinda kama kombe la konokono. Kwa kuchomeka majani ndani ya kombe, Clark aligundua kwamba kitu kilicho laini nchani na kigumu shinani huweza kufuata mizunguko ya mfereji. Hivyo alipata namna ya kuutengeneza uzi wa elektrodi.

*Swali la 5.* Kurudi kuwasha kifaa baada ya wiki kadhaa, kumpeleka mtoto hospitali mara kwa mara ili kifaa kirekebishwe, kugharimia betri, kuilinda sehemu ya nje dhidi ya maji ya chumvi na mchanga, kumfundisha mtoto kusikia kwa muda mrefu. Ni matano, nawe umeombwa manne. Andika manne tu. La tano halikuongezei alama, linakupunguzia muda.

*Swali la 6.* (a) Tashbihi, kwa kuwa imetumia kiunganishi cha kulinganisha “sawa na”. (b) Kuongeza sauti hakuna faida ikiwa seli za kuipokea hazipo, kama vile mafuta mengi yasivyowasha taa iliyokosa utambi.

*Swali la 7.* *Samaki mkunje angali mbichi.* Samaki akikauka hakunjiki. Vivyo hivyo ubongo wa mtoto aliyezaliwa kiziwi hupokea lugha kwa urahisi katika miaka ya mwanzo, na muda ukipita huwa vigumu. Jihadhari na mtego: wengi wataandika *Sikio la kufa halisikii dawa* kwa sababu tu ina neno “sikio”. Methali hiyo humsema mtu asiyekubali kuonywa, na mtoto huyu hajakataa onyo lolote. Methali huchaguliwa kwa maana yake.

*Swali la 8.* Hapana. Mwandishi anaeleza kuwa hatari iko katika kukosa lugha yoyote, na kwamba mtoto anayengoja upasuaji anaweza kuanza kufundishwa ishara bila kuzuiwa kusema baadaye. Pia anataja shule ya Tabora kuonesha kuwa watoto wasiosikia wamesoma tangu zamani. Swali likikuambia “thibitisha”, neno “hapana” peke yake halina alama.

*Swali la 9.* (a) Kuambatanisha maneno: kitenzi *vuma* na nomino *wimbi*. (b) Uambishaji: kitenzi *pandikiza* kimepewa kiambishi awali *ki-* na kiambishi tamati *-i*, kikawa nomino.

*Swali la 10.* Anza kwa kuorodhesha hoja kuu: ubongo hujifunza lugha mapema, usipopata sauti, sehemu ya kusikia hupewa kazi nyingine, kuwahi kuna faida kwa aliyezaliwa kiziwi, aliyejua kusema yuko tofauti. Mfano wa watoto wawili na miaka ya Marekani ni vielelezo, viache. Mfano wa jibu:

“Ubongo wa mtoto hujifunza lugha katika miaka ya mwanzo. Usipopata sauti, sehemu ya kusikia huchukuliwa na kazi nyingine. Hivyo, kiziwi wa kuzaliwa hufaidika zaidi akiwekewa kifaa mapema. Aliyepoteza usikivu baada ya kujua kusema hufaidika hata ukubwani kwa kuwa ubongo wake una lugha.” *(Maneno 42)*

Daima andika idadi ya maneno mwishoni. Ukizidisha, utapoteza alama hata kama hoja zako ni sahihi.

Zoezi la ziada

Tumia habari uliyosoma kuandika hotuba fupi utakayoitoa kwa wazazi wa shehia yako tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani. Waeleze dalili tatu za mtoto asiyesikia na jambo la kufanya wakiziona. Kumbuka muundo wa hotuba: salamu kwa kufuata itifaki, utangulizi, kiini na hitimisho. Ukimaliza, isome kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani mwenye mtoto mchanga. Kama baada ya kukusikiliza atajua la kufanya, umeandika hotuba nzuri.